Mstari wa Dakika ya Kumi na Tano

Katika maabara ile, mstari hafifu haukuwa mstari. Waliuita kivuli, na kivuli hakikuandikwa kwenye daftari.

Kengele alikijua kivuli hicho wiki yake ya kwanza kazini. Jina la Kengele alibandikwa na wenzake kwa sababu ya kisaa chake cha jikoni, cha plastiki nyekundu, kilicholia kama jogoo aliyekabwa koo. Alikizungusha kila alipoanza kipimo, na kilipolia maabara nzima iliruka. Alikuwa na miaka ishirini na minne, stashahada mpya ya maabara, na mdomo ambao mama yake mzazi aliapa kwamba ulizaliwa siku mbili kabla yake.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kliniki ya wajawazito. Kwenye trei vilipangwa vitepe kumi na viwili vya kupimia homa ya ini, kila kimoja na namba ya mwenye damu. Kazi yenyewe si ngumu. Unadondosha tone la maji ya damu, unasubiri. Ukitokea mstari wa juu peke yake, mama hana virusi. Ikitokea mistari miwili, hata huo wa pili uwe mwembamba kama unywele wa mtoto, anavyo. Ndani ya kila boksi kuna karatasi iliyokunjwa mara nane, na imeandikwa waziwazi: soma dakika ya kumi na tano, usisome baada ya ishirini.

Mkuu wa maabara alisoma dakika ya tano.

"Mama, bado dakika kumi," Kengele alisema. Watu wote pale hospitali walimwita Mama, hata wazee waliomzidi umri.

"Kumi za nini?"

"Za kwenye karatasi."

"Karatasi haijawahi kutazamana na akina mama sitini wenye miguu iliyovimba." Mama aliinua kitepe kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hasi. Hasi. Hiki kina kivuli tu. Andika hasi."

Kengele akaandika. Aliandika kwa sababu mwanamke huyu ndiye aliyemfundisha, enzi za mafunzo ya vitendo, kuutafuta mshipa kwa ncha ya kidole huku amefumba macho. Ndiye aliyemnunulia viatu vya kazini vile vya kwanza vilipopasuka. Nusu ya mafundi wa maabara wa wilaya nzima walipita mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo humkosoi wiki yako ya kwanza. Unameza mate na kuandika.

Alimeza mate miezi saba.

Mwezi wa nane, Mama alikuwa ameshavisoma vitepe vyote vya trei moja na kuondoka zake, na Kengele akaitwa wodini mbiombio kupeleka damu. Alipokimbia kurudi, kisaa chake kilikuwa kinalia peke yake mezani. Dakika ya kumi na tano kamili. Akakitazama kitepe cha nne, ambacho kwenye daftari kilikuwa hasi na wino haujakauka vizuri. Kilikuwa na mistari miwili. Wa pili haukuwa mweusi, lakini haukuwa kivuli pia. Kivuli hakina rangi, na huu ulikuwa wa waridi.

Alirekebisha lile jibu moja papo hapo, akamwita mjamzito mwenyewe kabla hajatoka getini. Lakini usingizi ulimpaa. Kama huyu alionekana kwa bahati ya kisaa kusahauliwa mezani, walioondoka kabla yake ni wangapi?

Kwenye friza la maabara kulikuwa na chupa thelathini na nane za maji ya damu ya walioandikwa hasi, zilizobakizwa kidogokidogo kwa ajili ya ukaguzi, ukaguzi ambao haujawahi kufika. Jumamosi asubuhi, maabara ikiwa tupu, Kengele aliziyeyusha zote na kuzipima, safari hii akitulia kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Thelathini na tano zilikuwa hasi kwelikweli. Tatu zilichora mstari wa pili, mmoja dakika ya tisa, mmoja ya kumi na moja, mmoja ya kumi na tatu. Akarudia hizo tatu kwa vitepe vya kiwanda kingine. Mistari ileile.

Jumatatu aliweka vitepe vile vitatu mbele ya Mama kwenye sahani safi, kila kimoja na dakika yake imeandikwa pembeni.

Mama alivitazama kwa muda mrefu. "Umevipima lini?"

"Jumamosi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Vivuli," Mama alisema, akaisukuma sahani pembeni.

"Mama, kivuli kina rangi?"

Mama alikaa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ambayo Kengele hakuwa ameisikia kabla. "Sikiliza, mwanangu. Miaka tisa iliyopita tuliacha trei mezani tukaenda kula. Tuliporudi vitepe vilikuwa vimekauka. Kitepe kikikauka huchora mstari wa uongo, hilo wewe unalijua kwa kulisoma, mimi nalijua kwa kulitenda. Nikamwandikia mama mmoja chanya. Mume akamtupia nguo zake barabarani siku hiyohiyo. Hospitali ya rufaa wakampima kwa mashine, hana kitu. Akarudi hapa, akasimama pale mlangoni, akaniuliza nani atamrudishia nyumba yake. Ningemjibu nini? Tangu siku ile sijaacha kitepe kizeeke."

Kengele akaelewa. Mama hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Alikimbia kosa la kuchelewa, akakimbia kwa kasi mno, akalipita jibu lenyewe na kuangukia kosa la kuwahi. Na kwa kuwa aliyebebeshwa kosa la kuwahi harudi mlangoni kulalamika, kwa kuwa hajui, Mama alikaa miaka tisa akidhani amepona.

"Pole, Mama," Kengele alisema, na alimaanisha. "Lakini wa kwako alifukuzwa nyumbani. Hawa watoto wao watafukuzwa duniani."

Maana hapo ndipo penye moto. Virusi hivi humvuka mama na kumwingia mtoto saa ya kuzaliwa. Mtoto akivipata akiwa mchanga huwa havimtoki. Hukua navyo, hucheza navyo, husoma navyo, na akifika miaka arobaini ini lake limekuwa gumu kama unyayo. Ipo chanjo. Mtoto akichomwa ndani ya siku yake ya kwanza, mara nyingi hukingika. Lakini chanjo ile ilikuwa haba pale wodini na ilitunzwa kwa watoto wa akina mama walioandikwa chanya. Aliyeandikwa hasi, mtoto wake alipewa pongezi na kufungwa nepi.

Mganga mkuu wa hospitali aliwasikiliza wote wawili, akakuna kidevu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni na uamuzi sifuri. "Hili ni jambo zito," alisema. "Tutaunda kamati. Mwezi ujao."

"Mmoja wa hawa watatu ana ujauzito wa wiki thelathini na saba," Kengele alisema. "Mtoto hasubiri kamati."

"Mpaka kamati ikae, asiguswe mtu. Tusizue taharuki."

Kengele aliitikia kwa kichwa. Alipofika koridoni alikuwa ameshakata shauri.

*

Kesho yake mchana aliivunja zipu ya sketi yake mwenyewe kwa koleo, akaikunja kwenye mfuko na kwenda kutafuta nyumba ya yule wa wiki thelathini na saba. Kadi ya kliniki ilisema ni fundi cherehani. Alimkuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba, cherehani ya miguu imesogezwa nyuma ili tumbo lienee. Kwenye kigoda kando ya mlango alikaa mama mkwe wake, miwani puani, akifumua pindo la suruali.

"Hodi."

"Karibu, dada," fundi alisema. "Leo umetuletea nini?"

"Zipu imenigomea."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akaichukua sketi kabla ya mwenye duka. Akaikagua kama karani wa forodha. "Hii haijagoma, binti. Hii imepigwa."

"Imevunjika yenyewe, mama."

"Yenyewe. Na huku mwilini huna hata nyama ya kuvunja kifungo."

"Mama, mwache mteja wangu apumue," fundi alisema.

"Na gauni pia nataka," Kengele aliwahi. "Nipime kabisa."

Fundi alivuta pazia la kona, wakaingia wawili, na kwa kweli walikuwa watatu. "Nivumilie," alisema huku akimzungushia futi kifuani. "Siku hizi tumbo linafika kabla yangu."

Kengele aliinamisha mdomo sikioni mwake. "Natoka maabara ya hospitali. Usishtuke. Endelea kupima."

Mikono ya fundi ilisimama. Halafu sauti yake ya dukani ikasikika, "Kifua thelathini na nne."

"Kipimo chako cha homa ya ini kilisomwa mapema mno. Damu yako iliyobaki imenitia wasiwasi. Sitakudanganya kwamba si kitu, wala sitakwambia ni hakika mpaka tupime upya. Ikiwa kweli, mtoto anachomwa sindano akizaliwa tu, na wewe unaanza kufuatiliwa. Lakini lazima tujue kabla."

"Mabega," fundi alisema kwa nguvu. Kisha kwa mnong'ono: "Mliandika sina."

"Tuliandika."

"Sasa mwongo nani, daftari au wewe?"

"Daftari."

"Gauni gani hilo linapimwa kama kiwanja?" mama mkwe aliuliza kutoka nje.

"Ana mabega mapana, mama."

"Mapana? Yule? Labda umepima pazia."

Fundi alishusha futi mpaka kiunoni na kuliacha hapo, bila kusoma namba. Macho yake yalikuwa makavu, makali. "Hii nimeipataje? Mume wangu nitamwambia nini? Watasema mimi malaya."

"Huenda uliipata siku uliyozaliwa, kama ambavyo mwanao anaweza kuipata. Hakuna anayejua, na hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Mumeo naye apimwe. Akiwa hana, anachanjwa."

Nje mkasi wa mama mkwe ulikuwa ukikata uzi, chwi, chwi. "Unajua," fundi alisema, "mimi nikikata kitambaa cha mtu vibaya, sijawahi kumfuata nyumbani kumwambia. Naunga kwa ndani, napiga pasi, naomba Mungu asigeuze."

"Wengi tunafanya hivyo."

"Wewe bosi wako anajua uko hapa?"

"Hajui. Akijua nitakiona."

"Basi kesho saa mbili," fundi alisema, akalisoma futi. "Kiuno ishirini na sita. Kula, dada. Unatia huruma."

*

Saa mbili na dakika tano, fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la maabara, mkono umefungwa pamba. Kengele alikizungusha kisaa. Mama alitoka ofisini kwake, akamwona mgonjwa, akaiona trei yenye kitepe kimoja, akajua yote bila kuuliza.

"Mganga mkuu alisema asiguswe mtu."

"Sijamgusa, Mama. Amekuja kwa miguu yake."

Mama angeweza kukichukua kile kitepe na kukitupa. Kengele alijiandaa hata kumshika mkono. Badala yake Mama alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza. Wanawake watatu wakakikodolea macho kipande cha plastiki kisichozidi kidole.

Dakika ya tano, mstari mmoja.

"Unaona," Mama alisema.

"Tusubiri."

"Mimi nina oda tatu za sare za shule," fundi alisema, "lakini tusubiri."

Dakika ya nane, mmoja. Dakika ya kumi Mama alianza kupangusa miwani yake, akaivaa, akaivua tena. Dakika ya kumi na moja, chini ya ule mstari wa kwanza, ikaanza kujichora alama, mwanzo kama doa la chai lililofuliwa, kisha kama kovu, kisha mstari. Hakuna aliyesema kivuli.

Kisaa kilipolia, fundi tu ndiye aliyeruka.

"Kwa hiyo ninayo," alisema.

"Tunaipeleka damu yako kwenye mashine ya hospitali ya rufaa leo hii," Kengele alisema. "Jibu la mashine ndilo la mwisho. Lakini mtoto akitangulia kuja kabla ya jibu, anachomwa. Nitaongea na mkunga mwenyewe."

Mtoto alitangulia. Alikuja siku ya pili alasiri, msichana mwenye sauti ya kudai haki. Mkunga, mwanamke mfupi asiyependa maneno, aliisoma karatasi ya Kengele, akauliza, "Hii imepitishwa na nani?" Kengele akasema, "Na mimi." Mkunga akamtazama juu mpaka chini, akaguna, akaenda kwenye jokofu. Mtoto alichomwa akiwa na umri wa saa mbili na robo. Jibu la mashine lilifika keshoye: chanya. Fundi alimwambia mumewe akiwa bado kitandani wodini. Mume akatoka nje, akarudi na kuuliza yeye apimwe mkono upi. Mama mkwe aliambiwa kwamba ni chanjo ya watoto wa siku hizi. Alijibu kwamba watoto wa siku hizi wanaanza kuonewa mapema.

*

Barua ilikuwa imeshapigwa chapa. Mganga mkuu aliiweka mezani mwake ikimwelekea Kengele, na juu yake akaweka mojawapo ya zile kalamu nne.

"Hakuna anayesema ulikosea kuhusu yule mama," alianza. "Tunashukuru Mungu. Tatizo ni utaratibu. Umevuka mamlaka mara mbili. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, na mimi ningependa kuurefusha. Saini hapa, yaishe."

Mama alikuwa amekaa dirishani, mikono mapajani. Hakuwa ametazamana na Kengele tangu siku ya kisaa.

Kengele aliisoma barua taratibu. Sentensi ya kwanza ilisema anaomba radhi kwa kukiuka maagizo. Hiyo angeweza kuimeza, ingawa ingemkwama. Ya pili ilisema anaomba radhi kwa kuwatia wasiwasi wagonjwa. Ya tatu ilisema kwamba anakiri majibu yote ya maabara yaliyotolewa kabla ya hapo yalikuwa sahihi kwa mujibu wa utaratibu uliokuwepo, na hakuna haja ya kuyarudia.

Akairudia ya tatu. Akaweka kidole hapo.

"Nani aliandika hii?"

"Ni lugha ya kawaida ya kiofisi," mganga mkuu alisema.

"Hii si lugha, ni kufuli. Kwenye daftari kuna akina mama wanaopita elfu moja waliosomewa dakika ya tano. Mimi nilikuta watatu kwenye chupa thelathini na nane. Waliobaki wako majumbani, wanakula, wanacheka, wanajua hawana kitu kwa sababu sisi tumewaambia. Nikisaini hapa, mtu akija kuuliza mwakani, mtamwonyesha saini yangu."

"Kuwaita wote? Unajua kelele zake?"

"Najua. Kama za kisaa changu."

Mganga mkuu hakucheka. Alimgeukia Mama. "Ongea na binti yako."

Mama aliinuka, akaja akasimama nyuma ya kiti cha Kengele na kumwekea mkono begani, uleule mkono uliomfundisha mshipa. "Mwanangu," alisema, "nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Tangu Jumatano nimeanza kusoma dakika ya kumi na tano. Umeniona. Umeshinda. Huko nyuma tukuache kulale. Wakiitwa wote, watu watasema yule mwanamke alikuwa akiua watoto miaka tisa. Karatasi haiumi. Saini tu, kwa ajili yangu."

Kama Kengele angekuwa ametukanwa ingekuwa rahisi zaidi. Alitamani kugeuka na kumkumbatia, amwambie sawa, Mama, yaishe. Aliona pia, wazi kabisa, mwezi ujao: bahasha za maombi ya kazi, na mama yake mzazi akimuuliza ule mdomo umemfikisha wapi.

Aliishika kalamu. Mganga mkuu akashusha pumzi.

Kengele akaifunga kalamu kwa kofia yake na kuirudisha kwenye mfuko wa shati la mganga mkuu, pamoja na zile tatu, taratibu, kama mtu anayempangia mtoto vitu vyake vya shule.

"Mama, wewe hukuua mtu kwa kusudi, na popote nitakapoulizwa nitasema hivyo. Nitakaa na wewe tuwaite mmoja mmoja, nitabeba matusi yao nusu, hata robo tatu. Kama mkataba mnauchukua, uchukueni, orodha ya namba ninayo na miguu ninayo. Lakini radhi, hapana."

"Huombi hata ya heshima?" mganga mkuu aliuliza. "Kwa mkubwa wako?"

"Shikamoo nitampa kila siku," Kengele alisema. "Radhi siombi. Si leo, si mkiniandikia nyingine fupi zaidi. Siombi."